Mwalimu Sogea na Bonde Lililokuwa na Wenyewe

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Sogea, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alizaliwa kwenye miteremko ya mawe, ambako babu na bibi zake walisukumiwa wakoloni walipotwaa bonde lao.

Alianza shule mwaka 1959. Akiwa darasa la tano, kitabu kilisema bonde lile lilikuwa pori tupu. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona bibi yangu amezaliwa hapo?" Alitolewa nje. Mwenyewe alisema ndiyo siku aliyoamua kuwa mwalimu.

Alihitimu ualimu mwaka 1974. Katika somo la historia alichora mstari wa chaki sakafuni: darasa zima likabanana kwenye kona, na mtoto mmoja, aliyeitwa Kampuni kama ile ya wakoloni iliyotwaa bonde, akabaki na nafasi yote. Siku moja mkaguzi wa shule akaingia.

"Mbona mmebanana hivyo?"

"Tumehamishwa, bwana," wakamjibu.

Kampuni naye akamkazia macho. "Na wewe umekanyaga shamba langu. Sogea!"

Mkaguzi akasogea. Mama aliangua kicheko, na jina likamganda tangu siku hiyo.

Lakini kicheko kilimponza. Taarifa ya mkaguzi ilisema amekiuka mtaala. Akanyang'anywa historia, akapewa kilimo. Somo la kwanza la kilimo aliuliza: "Shamba ni la nani?" Mwalimu mkuu alishika kichwa.

Baada ya muhula mmoja, mkaguzi alirudi, safari hii bila gari la serikali. "Nilimsimulia bibi yangu lile somo lako, nikicheka," alisema. "Bibi akalia. Kumbe hata sisi tulihamishwa, na hakuna aliyewahi kuniambia." Alipigania Mama arudishiwe historia, na ikarudi. Kisha akaja na ombi jingine, la moyoni. Mama akamwambia, "Kwa hilo, sogea taratibu." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977. Mkaguzi huyo ndiye Baba yetu, aliyeketi hapa mbele.

Mwaka juzi figo zilianza kumsumbua. Wodini, muuguzi aliyekuwa mwanafunzi wake alimwambia, "Mwalimu, sogea kidogo nikupime." Alicheka hadi wagonjwa wenzake nao wakacheka bila kujua sababu. Alituaga alfajiri ya tarehe 4 Mei, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na wanafunzi wasiohesabika, kumi na mmoja kati yao wakiwa walimu wa historia. Asubuhi hii, akifunga tai, Baba alituambia: "Msimlilie sana. Huyu mwanamke amenichekesha tangu siku darasa lake liliponisogeza kutoka kwenye ujinga."

Ardhi aliyoisemea maisha yake yote imlaze pema. Apumzike kwa amani, Mama yetu.