Chapa ya Makaa Mlangoni

Kijiwe cha Lusangi ni benchi moja mbele ya kibanda cha kuchaji simu, pale wamotari, madereva wa pikipiki wa Salamabila, wanapongojea abiria. Siku nyingine hapo ni kelele na vicheko tupu. Leo Asani alikuwa ameshika kahawa yake kwa mikono miwili wala hajainywa. Asubuhi, mkewe Mounira akiwa amekwisha toka, aliamka akakuta mlango wake umechorwa kwa makaa, mistari minene iliyopinda. Mwaka ule watu wenye silaha walipoteremka kutoka porini, nyumba zilitiwa chapa kwanza, kisha zikachomwa. Asani alipoteza nyumba na kaka. Basi alichota maji, akasugua mlango mpaka ukatakata, akaja kijiweni mbio.

— Wamerudia, alisema. Ni wao.

— Hata kwangu iko, alisema Zéphirin, ambaye wanamwita Radio kwa vile hanyamazi. Lakini miye sikugusa. Ukifuta, wanajua unaogopa, wanaanzia kwako.

— Sasa unaniambia, Radio? Nimesha kufuta!

Dominique muuza mitishamba, anayejiita Docteur, akatikisa kichwa.

— Hapana. Ni watu ya zahabu. Nimepita ku mulango ya Radio, nimeitazama ile alama muzuri. Kesho wanaleta mashini, wanachimba mupaka chini ya kitanda.

— Zahabu chini ya kitanda yangu, miye nalala njaa? alicheka Radio.

— Cheka tu. Sababu gani wameweka kwenu wawili, kwangu hapana?

Radio aliacha kucheka. Ni kweli, kwa Docteur hapakuwa na alama.

— Ao labda si watu, aliendelea Docteur, na sauti ikashuka. Asani, kaka yako hukumuzika. Pengine roho yake iko natafuta nyumba ya kulala.

Hapo Asani aliogopa kweli. Kama ni kaka yake, basi yeye Asani ndiye aliyemfutia alama mlangoni. Aliweka kikombe chini, akasimama.

— Nabeba watoto, alisema. Tunaenda Kasongo leo leo.

— Na Mounira? aliuliza Docteur.

— Iko ku masomo ya wamama, na Rosine, muke ya Radio. Nitapita kumuchukua.

Hakuhitaji. Mounira mwenyewe alikuwa anakuja kutoka upande wa nyumbani, anahema, kitenge kimelegea kiunoni.

— Jambo yenu, wapapa. Nani amefuta jina yangu?

Wakatazamana.

— Jina gani, Mama Amani? aliuliza Asani, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

— Ile ya ku mulango! Mwalimu alituambia kila mama aandike jina yake ku mulango ya kwake, atapita kuona. Rosine aliandika ku mulango ya Radio. Miye niliandika mbele ya jua kutoka, nikasimama naitazama peke yangu. Sasa mwalimu iko njiani, na mulango iko mutupu.

Kumbe hakuna aliyekuwa anakuja na moto. Asani alipaswa kupumua, lakini alikumbuka ni yeye aliyeusugua mlango.

— Ni miye, Mama Amani. Niliogopa.

— Uliogopa jina yangu?

Akamgeukia Radio, kisha Docteur.

— Na ninyi wengine? Mulitazama ya Rosine. Hakuna hata mumoja alisoma?

Kati yao watatu hakuna aliyejua kusoma. Asani aliona haya mpaka akashindwa kumtazama mkewe usoni.