Nipe Kama Hii: Kumkumbuka Kinyozi Mstari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani apunguze mwendo. Leo tunamkumbuka kinyozi. Watu walimwita Mstari, na jina hilo lilimtosha.

Mstari amefariki usingizini, kwa ugonjwa wa moyo. Nayasema haya mapema, maana msibani wapo walioanza kunong'ona kwamba ni ile dawa yake ya macho iliyommaliza. Si kweli. Dawa ilimchukulia macho. Uhai uliondoka kwa njia nyingine, miaka kadhaa baadaye. Tusichanganye mambo.

Mimi sikuwahi kunyolewa naye. Nywele zangu ziliniaga mapema, tena bila kugeuka nyuma. Kwa hiyo ninayowasimulia nimeyapata kwa watu wawili: mkewe, ambaye hushona mapazia, na mdogo wake, aliyekuwa akinyoa kwenye kiti cha pili.

Duka lao lina viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi ambalo halijawahi kukosa mtu anayesubiri, au anayejifanya anasubiri. Jina la Mstari lilitoka kwenye paji la uso la wateja wake. Akikuchonga nywele za mbele, ule mstari ulinyooka kama umepigwa rula. Watu walivuka vinyozi watatu njiani ili wafike kwake.

Sasa, kinyozi huishi na nywele. Zinaingia kwenye kola, kwenye chai, na kwenye macho. Siku moja macho ya Mstari yaliwaka mekundu, yakawasha, yakatoa machozi. Akaenda zahanati. Akapewa kichupa cha dawa ya matone, akaambiwa: tumia wiki moja, kisha urudi tukuone. Siku ya pili macho yalikuwa meupe pee. Hakurudi.

Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Dawa iliandikwa kwa wiki moja. Mgonjwa aliambiwa arudi. Hakurudi.

Kichupa kilipokwisha hakukitupa. Alikiweka kwenye mfuko wa shati. Wekundu uliporudi, alikwenda duka la dawa la jirani, akakitoa kile kitupu na kukiweka juu ya meza. "Nipe kama hii," akasema. Akapewa kama hiyo. Hakuulizwa cheti wala jina la ugonjwa. Mwezi uliofuata, nipe kama hii. Na uliofuata. Ilikwenda hivyo kwa miaka mitatu.

Dawa yenyewe haikuwa bandia. Ilikuwa dawa halali, yenye steroidi ndani yake, na steroidi hutuliza macho upesi sana. Ndiyo maana watu huipenda. Lakini ikitumika muda mrefu bila mtu wa kukupima, inaweza kupandisha presha ndani ya jicho, na presha hiyo huua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Inaua polepole. Mara nyingi haiumi wala haiwashi. Jicho kwenye kioo linaonekana zuri kabisa.

Na Mstari hakuwa mchoyo. Kichupa kilikaa kwenye rafu mbele ya kioo, kati ya poda na spiriti. Mteja akilalamika macho, alilazwa kichwa nyuma palepale kwenye kiti. Tone huku, tone huku, haya nenda zako. Nyumbani hali kadhalika. Mkewe alikuwa akisumbuliwa na vumbi la vitambaa, na kila jioni mumewe alimwinua kidevu na kumtia dawa.

"Nilikuwa naringa," mkewe aliniambia. "Wenzangu waume zao hata hawajui kama wana macho. Wangu ananitia dawa kwa mkono wake."

Dalili zilianza upande wa kushoto. Mteja alikuwa anainuka kitini nyuma ya sikio pamebaki kichaka. "Mzee, umeniachia bustani," mmoja alisema, na benchi zima likacheka. Mdogo wake alijaribu kumwambia.

"Nilimwambia, kaka, huku umeruka. Akanijibu, wewe ndiye uliyeruka darasa, nyoa kichwa chako niache na changu."

Alianza kugonga fremu ya mlango kwa bega. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe cha pembeni kinaanguka. Akajipa jibu: uzee. Akanunua miwani kwa muuzaji wa barabarani, akajaribu mitatu, akachukua iliyompendeza. Macho yalipozidi kuchoka, akaongeza tone. Yaani kile kilichokuwa kinamla ndicho alichokiongeza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Kisha ikaja siku ya kiti. Mteja aliingia, akasalimia, akakaa. Mstari alikuwa anakung'uta kitambaa cha kumfunika. Akageuka na kusema kwa sauti yake ya ukarimu, "Karibu bwana, mbona umesimama? Kaa." Mteja alikuwa ameshakaa. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuguswa, upande wa kushoto. Watu walivunjika mbavu, wakadhani ni mzaha wake wa kila siku. Mstari naye akacheka.

Walipokuwa wanafunga duka, alimwambia mdogo wake neno moja tu: "Sikumwona."

Asubuhi yake walikwenda hospitali ya macho. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimpima na kumpima tena. Akamuuliza anatumia dawa gani. Mstari akatoa kichupa mfukoni kwa kujiamini, kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Nani alikuandikia?"

"Nyinyi wenyewe."

"Lini?"

Mstari akakigeuza kichupa kiganjani. Mdogo wake ndiye aliyejibu.

Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba ile ni presha ya macho, kwamba jicho la kushoto limekwisha karibu lote, na la kulia limebakiwa na tundu dogo la katikati. Kilichopotea hakirudi, wala kwa dawa, wala kwa upasuaji, wala kwa miwani. Watajitahidi kulinda kilichobaki.

Mdogo wake anasema alimtazama kaka yake akingoja alie, au abishe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza swali moja.

"Na mwingine anayetumia hii?"

"Mwingine nani?"

"Mke wangu. Mimi ndiye ninayemtia."

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia hapo Mstari hakuwa na habari tena na macho yake. Alirudi nyumbani na neno moja: twende hospitali. Mkewe akagoma. Alikuwa na mapazia ya watu, na macho yake hayakuwa na tatizo lolote.

"Nilimwambia, baba watoto, usinitie kiwewe. Mimi naona. Uzi natunga kwenye sindano bila miwani. Nikautunga mbele yake, mara moja tu, ukapita. Nikamwambia, haya, mgonjwa gani huyu?"

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Akasema, hata mimi nilikuwa naona."

Kesho yake alikwenda. Presha ya macho yake ilikuwa imepanda, yote mawili. Mshipa ulikuwa umeanza kuguswa, umeanza tu. Daktari alimwachisha ile dawa na kumpa matibabu yake, na yeye alipoambiwa arudi kupimwa alirudi, kila mara, mumewe akiwa ameshika mkono wake. Presha ikashuka. Hadi leo anatunga uzi. Nimemwona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Mstari mwenyewe hakubahatika. Kile kitundu cha jicho la kulia kilizidi kufinyika licha ya matibabu, kikaziba. Aliacha mashine, akahamia kwenye benchi la wateja. Alimwomba mdogo wake awataje wote waliowahi kulazwa kichwa kwenye kile kiti na kutiwa tone, akawatumia ujumbe mmoja mmoja: nenda ukapimwe. Wengine walikwenda. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mzee, wewe umepofuka ndiyo unataka tufanane?" Hilo lilimuuma. Mkewe anasema siku hiyo hakula.

Lakini benchi hakuliacha. Akimsikia mtu anasema macho yanawasha, alidakia, "Nani huyo? Simama. Hospitali iko wazi, kichwa chako kitanyolewa ukirudi." Na duka likitulia, alimwita mteja wa mdogo wake, akapitisha kidole taratibu kwenye mstari wa paji la uso, toka kushoto kwenda kulia. Kisha akasema, "Huku umeruka." Mdogo wake anakiri kwamba mara nyingi alikuwa ameruka kweli.

Sasa niwapeleke msibani, siku tatu zilizopita. Chumba kimejaa, viatu vimejaa mlangoni. Mjane amekaa kwenye mkeka, amelia tangu alfajiri, macho yamevimba na kuwa mekundu. Akaingia wifi yake kutoka safarini, dada wa marehemu anayeishi mbali, mwanamke mwenye huruma, ambaye kisa cha dawa hakikuwahi kumfikia. Akamkumbatia, wakalia pamoja. Kisha akamshika kidevu na kumtazama.

"Jamani wifi, macho gani haya? Hebu lala nyuma." Akafungua mkoba. Akatoa kichupa. "Hii inakata wekundu papo hapo. Kaka mwenyewe ndiye aliyenifundisha zamani, kila kikiisha nakwenda nacho dukani."

Mdogo wa marehemu ananiambia alishindwa hata kusogea.

Mjane alikitwaa kichupa taratibu, akakifunga ndani ya kiganja. "Macho yangu yaache, wifi," akasema. "Nimefiwa. Acha yawe mekundu." Kisha akamshika yeye kidevu, akayainua macho yake kwenye mwanga wa dirisha, yalikuwa meupe pee, na machozi yakaanza kumtoka mjane upya. "Tukishamzika kaka yako, mimi na wewe tunakwenda hospitali."

Wamezika juzi. Jana asubuhi walikwenda. Majibu ni yao, sikuuliza.

Kwa mjane, kwa watoto, kwa mdogo wa marehemu aliyebaki na viti viwili na mikono miwili, na kwa dada yake, kituo hiki kinawapa pole. Mungu amlaze Mstari pema. Nasi tulio hai, kabla hatujazima redio, kila mmoja akumbuke kichupa kilichoko kabatini mwake, au kwenye mkoba, au mfukoni. Kiliandikiwa nani? Kwa siku ngapi? Na nani mwingine nyumbani unamtia?