Gramu Tano Kila Asubuhi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi mizani mmoja, mtu wa miaka arobaini na sita, aliyeanguka akikimbia Jumamosi moja asubuhi na asiinuke tena. Kwa kawaida kipindi hiki huzungumza taratibu. Leo mtanisamehe. Mjane wake ana hasira, nimekaa naye siku mbili, na hasira yake imeniingia.

Wateja walimwita Gramu. Mizani ya bucha, ya duka la dawa, ya sonara, zote zilipita mikononi mwake. Alikuwa na sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, yamepangwa kutoka dogo hadi kubwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuyashika kwa vidole vitupu. Mkewe, ambaye ni dobi, anacheka akikumbuka. "Hata mimi alinipa kitambaa," anasema. "Nikamwambia, bwana wee, mbona mkono wangu unaushika bila kitambaa?"

Alianza kukimbia alipofikisha arobaini, tumbo lilipoanza kumtangulia mlangoni. Akajiunga na klabu ya mtaani, watu ishirini na moja pamoja naye, wote wa kukimbia kwa kujifurahisha tu. Kiongozi wao walimwita Kapteni. Gramu alimpenda Kapteni kama ndugu wa tumbo moja.

Mwaka jana moyo wake ukaanza kwenda mbio. Narudia, moyo ukaanza kwenda mbio, na si kwa sababu ya kupanda kilima. Alikuwa ameketi anafunga kamba za viatu. Saa yake ya mkononi ikaonyesha mapigo mia moja na tisini kwa dakika. Unajua alifanya nini? Alifanya lile ambalo fundi mizani hulifanya chombo kikisoma ovyo. Aliikagua saa! Akamvalisha mkewe, ikasoma sabini na nne. Akaivaa tena mkono wa pili, ikasoma mia moja themanini na nane. Ndipo akakubali kwamba saa ni nzima.

Mkewe akamkokota hadi hospitalini. Walipofika, moyo ulikuwa umeshatulia. Daktari akasema waziwazi: mambo haya huja na kuondoka yenyewe, ndiyo maana lazima tuyapime tujue ni ya aina gani. Akampa kadi yenye tarehe ya kupimwa umeme wa moyo, wiki tano mbele. Akamwambia asikimbie mpaka apimwe.

Kapteni hakungoja wiki tano. Alikuja siku ya pili na kopo la unga wa virutubisho. Madini, mizizi, na majina marefu yasiyotamkika. "Huu unatuliza moyo wa mwanamichezo," alisema, mke wa Gramu akisikia kwa masikio yake. "Ukiwafuata wale wa hospitali watakujaza vidonge uwe zezeta."

Gramu akaleta mizani yake bora mezani. Gramu tano kila asubuhi. Si nne, si sita.

"Aliupima ule unga kama dhahabu," mkewe anasema. "Nikamwuliza, baba watoto, uzito wake umeujua, je, kilichomo humo unakijua? Akanijibu, mke wangu, kitu kikipimwa sawasawa hakimdhuru mtu."

Inaniuma hapo. Mtu aliyeweza kulikataa jiwe la mizani kwa sababu ya kutu kidogo tu, aliuamini unga kwa karatasi iliyobandikwa kwenye kopo. Hadi leo familia haijui humo ndani mlikuwa na nini.

Na kwa wiki tatu moyo ukatulia kweli. Akarudi kukimbia. Akajisifu. Lakini daktari si alishasema mambo haya huondoka yenyewe? Jogoo akiwika na jua likachomoza, si jogoo aliyelichomozesha.

Kazi ya dobi haianzi na sabuni, huanza na mifuko. Jumatano moja mkewe alipekua suruali ya mumewe kabla ya kuiloweka, akakuta kadi ya hospitali. Tarehe ilikuwa ya jana yake. Hakwenda. "Nilimpigia kelele hadi jirani akaja," anasema. Gramu akamwomba radhi. Akaahidi kwamba Jumatatu atakwenda kuomba tarehe nyingine, ila amwachie tu mbio za Jumamosi. Aliahidi Jumatatu, wasikilizaji. Alikufa Jumamosi, amebakiza mita chache amalize.

Mazishini watu walimnong'oneza mjane kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aliwageukia. "Mume wangu hakuficha," aliwaambia. "Alidanganywa."

Kapteni alilia kuliko watoto wa marehemu. Kisha akaja na wazo la mbio za kumbukumbu. Fulana zingekuwa na picha ya Gramu mbele, na mgongoni picha ya kopo. Kopo lilelile! Mtu macho makavu namna hiyo mmewahi kumwona?

Wiki mbili baadaye mjane alikwenda hospitali kuchukua barua ya daktari kuhusu kifo cha mumewe. Kwenye foleni ya wagonjwa wa moyo akamkuta Kapteni, kadi mkononi, kadi imechakaa kwa kukunjwa. Muuguzi akamwita, akamwuliza, "Vidonge vyako vya mapigo vimekwisha?" Kapteni akajibu vimekwisha. Akasema anavinywa mwaka wa tatu sasa. Nasema tena, mwaka wa tatu.

"Wewe unakunywa vidonge, mume wangu ukampa unga?" mjane alimwuliza.

"Shemeji, hata unga naunywa," alisema. "Vidonge niliona aibu kuvitaja. Kapteni mzima, watu wangesemaje?"

"Aibu yako imenifanya mjane," alimjibu, akachukua barua yake akaondoka.

Kwa mjane huyu, kwa watoto wake watatu, na kwa dada wa marehemu aliyemlea, tunatoa pole kutoka moyoni. Mungu awape subira. Nawe unayemeza kopo la rafiki huku moyo unakwenda mbio, tafakari leo, si Jumatatu. Virutubisho si kipimo. Rafiki si daktari, hata awe anakupenda vipi.

Mjane amezikataa zile fulana. Amewaambia wanaklabu kwamba anayetaka kumkumbuka mumewe aende akapimwe moyo kwanza, kisha aje nyumbani amwonyeshe karatasi. Wamebaki ishirini. Hadi leo asubuhi, waliogonga mlango wake ni wanne. Nyinyi kumi na sita, najua redio mnasikiliza. Mama huyu yuko nyumbani, anawangoja.