Historia ya Marehemu Taratibu, Mchoma Kauri za Kusafisha Moshi

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mdogo wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi hii ambayo sikuitaka.

Kaka yetu, ambaye sote tulimwita Taratibu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba mfyatua matofali, akasoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, sekondari hadi 1988, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1991.

Mwaka 1992 aliajiriwa katika kiwanda cha vigae, akavuta moshi na vumbi kwa miaka kumi na saba, na tarehe 12 Agosti 2000 alimuoa wifi yangu, muuguzi, baada ya kuchelewesha posa miaka minne mpaka mama akakata tamaa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 alihamia maabara ya chuo kikuu, ambako mashine huchapa kauri tabaka juu ya tabaka mpaka ifanane na sega la nyuki, kisha hupakwa unga wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, unaogeuza moshi wa sumu kuwa hewa isiyodhuru. Mwishowe huchomwa tanurini: moto ukipungua unga hubanduka, ukizidi vitundu huziba. Mwaka 2014, akiwawahi wageni waliokuja kuona kazi, alifungua tanuri kabla halijapoa, kauri ikapasuka vipande vipande, na kimoja akakifanya cha kuwekea kikombe chake cha chai, kimkumbushe kwamba haraka haraka haina baraka.

Machi 2023 madaktari waliona mapafu yake yameliwa na vumbi. Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, yeye akiwa wodini, wenzake walichoma kauri ya mwisho aliyoichora, na Jumatatu walipotaka kufungua tanuri mapema ili aione, alikataa katakata, akaagiza lipoe kwanza. Nilimkasirikia, na hasira hiyo bado ninayo.

Alifariki Jumanne tarehe 14, saa kumi na mbili asubuhi. Tanuri lilifunguliwa saa nane mchana, kauri haina hata ufa, na walipoipitishia moshi kesho yake, ulitoka safi. Ndiyo hiyo mnayoiona kando ya picha yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, waliomtii hata pale mimi nilipowasihi wasimtii.

Kaka, tanuri lilipoa lenyewe, hakuna aliyeligusa. Pumzika kwa amani.