Paa Tulilokataa Kuliezeka: Maisha ya Mzee Cuthbert Laronde

Marehemu mjomba wangu, Cuthbert Laronde, alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 hapa Anse Mapou, Dominica, mtoto wa tatu wa Evariste na Léonie, wachuma ndimu. Alisoma shule ya kanisa hadi 1932, akaiacha baba yake alipovunjika mguu.

Alianza biashara kwa kutembeza chewa wa chumvi. Mwaka 1951 alipata ghala la ndizi, nasi ndio tuliomjengea kwa koudmen: mtu anapuliza gamba la kome, majirani wanakuja na mikono yao, mwenyeji anapika. Mjomba hakujua kupuliza. Alipojaribu, mbuzi walifika kabla ya watu. Lakini koudmen za wenzake hakuzikosa, alichanganya saruji tai yake ikiwa shingoni.

Alifunga ndoa na Bi Eudora Valmond tarehe 8 Februari 1947. "Aliniposa ananuka chewa," Bi Eudora hutuambia, "nikajua njaa hatulali."

Uhuru ulipokuja, Novemba 1978, aliitwa mjini kuwa Waziri wa Fedha. Hazina ilikuwa tupu, akawa hapati usingizi. Siku ya koudmen ya jirani yake Ma Titine, alimtuma dereva na bahasha ya pesa. Jumapili Ma Titine akamkabili mlangoni mwa kanisa.

"Cuthbert, mwanangu, bahasha ina mabega? Itabeba boriti?"

"Ma Titine, nina nchi nzima mgongoni."

"Haya. Nchi ndiyo ikuezekee."

Agosti 1979 kimbunga kiling'oa paa lake na ghala lote. Mafundi wa kulipwa hawakupatikana, kisiwa kizima kilikuwa bila paa. Alipuliza kome, akapika masufuria ya shelisheli na chewa. Hakuja mtu. Jioni Ma Titine alimletea bahasha ya mchango wetu.

"Na sisi kazi zimetuzidi, Mheshimiwa."

Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Inaniuma kulisema hili mbele ya jeneza lake, na sioni dawa.

Alilala chini ya turubai mvua zote za Oktoba. Nimonia ilimchukua tarehe 2 Desemba 1979.

Ameacha mjane, Bi Eudora, watoto wawili, Clement na Philomène, na wajukuu watano. Leo mmejaa hapa, na kila mmoja amekuja na koleo lake kumfukia. Mola ampe makao yasiyongoja mikono yetu.