Yaliyosomwa Hapa Siku ya Baba

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza Mama, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenituma nisome historia ya maisha yake, na mtanisamehe sauti ikitetemeka, kwa sababu sehemu ya haya ninayoyasoma nimeyajua juzijuzi tu na bado hayajaniingia akilini.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake mzaa mama, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee, akabatizwa mwezi Mei mwaka huohuo, na mjomba wetu, aliyekaa hapo mbele, husema kwamba tangu utotoni dada yake alikuwa balaa la nyumba, kwani akiulizwa nani kavunja kikombe alikuwa anataja, hata kama aliyekivunja ni yeye mwenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965, akajiunga na chuo cha ushonaji na kuhitimu mwaka 1968, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo, kitengo cha mashati, hadi mwaka 1979 alipofungua chumba chake cha kushonea, hapo nyuma ya uzio wa kanisa, na akina mama mliowahi kusimama mbele ya kile kioo chake mnajua kwamba alikuwa radhi kupoteza mteja kuliko kumdanganya, atakuzungusha, atakutazama juu mpaka chini, kisha atakwambia, "Dada, rangi hii haikupendi, kirudishe kitambaa dukani."

Tarehe 22 Septemba 1973 alifunga ndoa na Baba, aliyekuwa fundi wa paa na baadaye mzee wa kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, na katika malezi yetu kuvunja sahani kulisamehewa, lakini ukisema sahani imeanguka yenyewe ulilala na kesi yako na kuamka nayo. Kuanzia mwaka 1982 hadi miguu ilipomshinda alifundisha shule ya Jumapili, na wengi wenu humu ndani, pamoja na Mchungaji, ni yeye aliyewakaririsha amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo.

Baba alifariki tarehe 9 Agosti 1994, wakati wa kutengeneza paa hili lililo juu yetu, na historia yake ilisomwa na baba mdogo hapahapa niliposimama, ikiwa imeandikwa na Mama kwa mkono wake, nayo ilisema kwamba Baba alianguka kwa sababu fundi mwenzake, aliyekuwa ameshika ngazi chini, aliiachia.

Ndugu zangu, si kweli.

Mama alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Juni mwaka jana, akalazwa mara tatu, na Jumapili ya mwisho ya mwezi uliopita, akiwa wodini, kitanda cha kando ya dirisha, alituita mimi na mdogo wangu akatueleza kwamba asubuhi ile Baba alikuwa amelewa, kwamba alikuwa akinywa kwa siri kwa muda mrefu, na kwamba fundi mwenzake alipomwona hawezi hata kusimama sawasawa, aliilaza ngazi chini, akakimbia hadi chumba cha kushonea na kumwambia, "Shemeji, njoo umwambie wewe, mimi hanisikii." Mama akamjibu asubiri kidogo, amalizie mkono wa gauni. Akaumalizia. Walipofika pamoja hapo nje, Baba alikuwa ameshasimamisha ngazi mwenyewe, ameshapanda na ameshaanguka, na wazee walipokuja mbio kuuliza kimetokea nini, Mama, aliyekuwa anaogopa aibu ya mumewe na kuogopa zaidi ule mkono wa gauni, alimnyooshea kidole mtu aliyekuwa amesimama kando yake analia.

Tangu siku hiyo mtu huyo mnamwita Achia, na ninyi vijana mnamwita hivyohivyo bila kujua jina lilitoka wapi. Hakuna aliyemwita tena kwenye paa. Sisi watoto tulikatazwa kumwamkia. Na Mama akaendelea kufundisha ile amri kila Jumapili, huku fundi yule amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, anasikia.

Nimeshtuka, na sitajifanya sijashtuka, nimekasirika pia, nimemlilia Mama kwa uchungu wa aina mbili na sijui upi ni upi. Tulipomuuliza kwa nini asituachie siri yake tukakaa nayo kimya, alisema, "Nilidanganya pale mbele, mtu akasikiliza na hakuruhusiwa kujibu. Historia ile isahihishwe palepale." Alipanga kuja kusema mwenyewe Jumapili iliyofuata, akafariki Alhamisi asubuhi. Mdogo wangu aliniomba mambo ya ndani yaishie ndani, amekaa hapo na hanitazami, nami simlaumu.

Kabla Mama hajafariki nilimfuata fundi yule kibandani kwake, anakotengeneza viti, nikamwambia Mama anamhitaji ili amwombe msamaha. Aliweka randa chini, akaniuliza kwanza kama Mama anakula, nikamjibu kidogokidogo, kisha akasema, "Kanisani ndiko yalikosemwa, nitayasikia kanisani."

Nawe fundi, baba yangu, uliyemfanyia Baba yetu kila uliloweza, leo umeyasikia. Hukuiachia ngazi. Hatudai utusamehe, na jina lile, ndugu zangu, naomba mtu asilitamke tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomhudumia Mama bila kuchoka, majirani mliopokezana kumletea uji na kumfulia, mafundi wenzake wa cherehani mlioshona sanda usiku kucha, na wewe Mchungaji, uliyekubali historia hii isomwe yote ulipoambiwa kilichomo.

Historia hizi zina maneno yake ya kumalizia, kwamba marehemu amepumzika kwa amani, nami niliyaandika, kisha nikayakata, maana Mama alinilea nisiseme kwa uhakika jambo nisilolijua. Sijui kama umepumzika, Mama. Nakuombea upumzike kwa amani.