Fundi Aliyeogopa Sakafu: Maisha ya Marehemu Josphat Wachira Kimani (1961–2025)

Marehemu Josphat Wachira Kimani alikuwa mwoga. Familia imekubaliana kulisema jambo hili mapema, kwa sababu mwenyewe hakulificha, na wengi mlioketi chini ya hema hili mna sakafu nyumbani zilizotokana na woga huo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Leo kilio kimekuja kwa mwoga, na familia haina la kufanya ila kukipokea.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Kinangop, mtoto wa tatu wa marehemu Kimani Gathuku na marehemu Naomi Wanjira. Nyumba yao ilikuwa ya mbao tupu, kuta na sakafu, na jua lilipoipiga baada ya usiku wa baridi kali ilitoa mlio wa kitu kinachovunjika. Kaka zake waligeuka upande wa pili wakaendelea kulala. Yeye alikimbilia uani na blanketi lake, akiwa na hakika kwamba leo ndiyo leo, nyumba inawafunika. Mama yake alimrudisha ndani kwa kumwonyesha kikombe cha uji.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1968 hadi 1974, kisha akajiunga na chuo cha ufundi cha huko huko, ambako alijifunza useremala. Mwalimu wake alimwuliza mbona anachagua mbao ilhali zikilia yeye anaruka. Wachira alijibu kwamba kitu unachokiogopa ni afadhali ujue kinapolala.

Alifanya kazi Nairobi kwa miaka kadhaa, na mwaka 1988 akapata kazi ya kwanza ya kwake mwenyewe: sakafu ya sebule ya Mzee Kuntai, mfugaji wa karibu na mji wa Kajiado. Alileta mbao za mkaratusi kutoka kwao Kinangop, zikiwa bado na unyevu wa milimani, akazipigilia juma lile lile lililofuata mvua za Aprili. Iling'aa, akasifiwa, akaondoka kifua mbele. Kufikia Septemba kiangazi kilikuwa kimezinyonya. Mbao zilijikunja kingo, zikaachana hata kijiko kikapotelea katikati, na kila mchana wa jua kali zililia mpaka mama mzazi wa Kuntai akahamia jikoni.

Wachira aliitwa. Alisema baadaye kwamba njia nzima aliomba Mungu gari liharibike. Alimkuta Mzee amesimama mlangoni na rungu lake, kama wazee wote wanavyosimama, lakini yeye aliliona rungu tu. Mzee alimpa chai ya maziwa, akangoja anywe, halafu akasema, akimwita kijana kwa Kimaasai:

"Layioni, hii mbao yako iko na kiu. Ukitoa ng'ombe huko kwenu kwa baridi ulete hapa, unakamua hiyo siku? Si unaacha kwanza ijue hii jua?"

Hakuna fundi aliyewahi kumpa somo kubwa kuliko hilo. Aling'oa sakafu yote akaanza upya, kwa mvule safari hii, maana mvule hausumbuki sana na kiangazi. Alizipanga mbao ndani ya sebule ile ile, vijiti katikati ili hewa ipite, akawa anakuja kuzishika kwa kiganja mpaka ziache kubadilika. Katika kule kuja kuja, alimfahamu binti wa nyumba, Elizabeth Nasieku. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990 mjini Kajiado. Mzee Kuntai alipenda kutania kwamba kijana wa Kinangop alikuja kukagua mbao akakagua na mengine. Mungu aliwajalia watoto watatu: Wanjira, Ledama na Caro.

Mwaka 1994 walihamia Kitengela. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Wachira alishtuka maisha yake yote. Hakukubali kulaza mbao ambazo hazijakaa katika nyumba husika. Kandokando ya ukuta aliacha nafasi ya upana wa kidole, akaifunika kwa ubao mwembamba, ili mvua ikija mbao zipate pa kwenda. Wakati wa kiangazi aliwaagiza wateja wafunge mapazia adhuhuri na waweke sufuria ya maji kwenye pembe ya chumba ili hewa isikauke mno. Mama mmoja wa Nkoroi alidhani sufuria ni ya paka, akaenda akatafuta paka. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa deki. Sisi watu wa huku nyumba haijasafishwa mpaka imwagiwe maji, na yeye akipita kukagua kazi yake alianza kwa kutafuta ndoo ilipo. "Kitambaa kikavu, mama," alikuwa akisihi. "Ama chenye umekamua mpaka kikalia."

Nyumbani kwake sakafu ilikuwa ya simiti. Kinyozi hajinyoi, watu walicheka, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Sakafu ya mteja ikifunguka unaitwa mara moja. Ya mkeo utaiona kila asubuhi. Mama, mkewe Elizabeth, alimwomba sakafu ya mbao miaka mingi, naye akasema mwakani.

Mwaka 2023 alianza kukohoa. Machi 2024 madaktari walisema mapafu yamekakamaa, na vumbi la mbao la miaka yote hiyo lilichangia. Mtu aliyeogopa mlio wa ubao sasa aliogopa pumzi yake mwenyewe, na familia nzima iliogopa pamoja naye.

Mei mwaka huu gari lilileta nyumbani kwake mbao za mvule, za sakafu ya Mama. Alizipanga sebuleni vijiti katikati, kisha akaketi kando yake na mtungi wa oksijeni, akisubiri. Juni ikapita. Julai ikapita. Yeye akikonda, mbao zimelala. Ledama alikuwa akitoka Namanga, anakofanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, na kila alipofika alizitazama mbao kwanza ndipo amtazame baba yake. Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Baba, si tuanze tu? Hii mbao imekaa ya kutosha."

"Bado haijazoea."

"Na kama..."

"Sema tu. Hata mimi naogopa, Ledama. Naogopa sana. Lakini nikiharakisha itafunguka nikiwa sipo, na mama yenu abaki na sakafu inamlilia kila mchana. Hiyo naogopa zaidi."

Agosti aliweka kiganja juu ya mbao akasema ziko tayari. Ledama alilaza, yeye akiongoza kutoka kitini. Ubao wa mwisho ulipofika ukutani, Ledama aliinua nyundo aukaze, na Baba akasimama, mpira wa oksijeni ukamchomoka. Alitaka kupiga kelele na pumzi haikuwepo. Midomo ilibadilika rangi. Wote walidhani ndio mwisho. Aliporudishiwa hewa, maneno ya kwanza yalikuwa, "Usiibane. Wacha nafasi." Nafasi ikaachwa. Sakafu ilikamilika Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025.

Sasa ilibaki mvua. Sakafu iliyolazwa kiangazi haijulikani mpaka inyeshewe msimu mmoja, kwa maana mbao zikivimba na kukosa pa kwenda huinuka katikati. Mvua ilianza mwishoni mwa Oktoba. Yeye alilazwa hospitalini Kajiado Jumatatu tarehe 27, na alimwuliza kila mgeni, "Imeinuka?" Wote walijibu iko sawa, na alijua kwamba wote hawajaangalia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuona. Mama mwenyewe alikuwa akiingia nyumbani kwa mlango wa nyuma na kuishia jikoni, kama alivyofanya nyanya yake, mama wa Mzee Kuntai, mwaka ule wa 1988.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba, alivua viatu akaingia sebuleni. Alilala kifudifudi, shavu kwenye mvule, akatazama kuelekea dirishani jinsi alivyomwona mumewe akifanya katika nyumba za watu. Kisha akaenda hospitalini.

"Baba Wanjira, imelala."

"Umeangalia ama umeambiwa?"

"Nimeangalia. Imelala kabisa."

"Na kwa ukuta?"

"Imekula nusu ya ile nafasi. Imebaki nusu."

Alifumba macho, na Mama anasema ni mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze kuuona uso wake bila woga. Haukukaa hivyo. Baada ya muda alimshika mkono akamvuta karibu. "Mama Wanjira, kimebaki kitu kimoja naogopa. Wasinibane huko." Mama alimwahidi. Aliaga dunia asubuhi iliyofuata, Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Elizabeth Nasieku, watoto Wanjira, Ledama na Caro, mkwe mmoja, Oscar, wajukuu wawili, ndugu zake wa Kinangop, na jamaa yote ya marehemu Mzee Kuntai. Mtakaofika nyumbani baada ya mazishi mnaombwa kuacha viatu mlangoni. Akina mama wa kanisa, ndoo zenu zimefichwa, na tunawashukuru.

Vijana waliochimba kaburi wameuliza kwa nini limeongezwa upana pande zote, wakati sanduku ni la kawaida. Ni Mama aliyeagiza. Jana jioni alishuka kulipima mwenyewe kwa kidole, kila upande.

Fundi, umeachiwa nafasi. Lala kwa amani, usiogope tena.